Wanahabari wafunzwe pia kuusaka ukweli kwa Kiswahili

MWEZI uliopita nilialikwa kuzungumza katika warsha ya siku mbili iliyoandaliwa jijini Nairobi kwa ajili ya wanahabari na watayarishaji wa vipindi. Ilihusu ujuzi wa kidijitali: jinsi ya kutafuta habari mtandaoni, kuhakiki picha na video, kulinda simu na nywila, na kutumia takwimu katika kuandika taarifa. Mimi nilitengewa dakika 30 za kuzungumzia "lugha na mawasiliano", tena baada ya chakula cha mchana, ule wakati ambapo hata mhadhiri mwenyewe hupigana na usingizi. Nilifika mapema asubuhi, nikaketi nyuma na kusikiliza.

Wakufunzi walikuwa vijana hodari, na ninasema hivi bila kejeli. Walieleza vyema namna picha inavyoweza kupakiwa kwenye injini ya utafutaji ili kujua ilitokea wapi kwa mara ya kwanza. Walionyesha namna ya kuchimbua kurasa zilizofutwa kupitia Wayback Machine, hifadhi ambayo ina nakala za kurasa za mtandao za tangu 1996. Walionya kwamba picha inayotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp huwa imevuliwa zile taarifa fiche za saa, mahali na aina ya kamera, kwa hivyo mtu asipoteze muda kuzitafuta humo. Mambo ya maana sana haya.

Hata hivyo, zaidi ya nusu ya washiriki walikuwa wamejitambulisha kuwa wanatangaza au kuandika kwa Kiswahili, na wengine kwa lugha za mama. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza: maelezo, mazoezi, hata mifano. Zoezi la kwanza lilikuwa lile la picha maarufu ya papa (wa baharini, si yule wa Vatican) anayeogelea kwenye barabara kuu iliyofurika maji huko Marekani. Washiriki waliipata asili yake kwa dakika mbili, wakacheka, wakapiga makofi.

Wakati wa chai, mwanahabari mmoja wa redio kutoka Pwani alinijia. "Profesa," akaniambia, "haya mambo ya picha nimeyafahamu. Lakini kwetu uvumi hauji na picha, waja na sauti. Mtu arekodi sekunde 40, yasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, kisha wasikizaji wanipigia simu waniulize kama ni kweli. Hiyo sauti nitaipakia wapi?"

Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Watu wengi wanaoandaa warsha za aina hii huichukulia lugha kama karatasi ya kufungia bidhaa: bidhaa yenyewe ni teknolojia, na karatasi unaweza kubadilisha upendavyo. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya huo unaoitwa ujuzi wa kidijitali ni kazi ya lugha tangu mwanzo. Kutafuta ni kukisia maneno ambayo mtu mwingine ameyatumia. Kuhakiki ni kusikiliza kwa makini nani anasema nini na kwa lugha ya wapi. Na mwanahabari akishajua ukweli, hana budi kuwaambia watu kwa maneno ambayo hayataongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Hebu tuanzie nyumbani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua ghasia, Wakenya na marafiki wao waliokuwa wakiandika mtandaoni na kuunda programu, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza tovuti ya kupokea taarifa za wananchi kuhusu mashambulizi na kuzionyesha kwenye ramani. Hiyo ilikuwa Januari 2008. Waliiita Ushahidi. Leo chombo hicho kinatajwa katika warsha za uanahabari kote duniani, na neno letu limebaki vile vile, halikutafsiriwa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi liliikumba Haiti, na Ushahidi ukatumiwa huko. Waathiriwa walituma ujumbe mfupi kwa nambari 4636. Ujumbe mwingi ulikuwa kwa Krioli ya Haiti, lugha ambayo wengi wa waokoaji waliotoka nje hawakuijua hata kidogo. Ramani zilikuwepo, simu zilikuwepo, kompyuta zilikuwepo. Kilichookoa kazi ile ni Wahaiti waliokuwa wakiishi ng'ambo ambao walijitolea kuusoma ujumbe huo usiku na mchana, wakautafsiri na, jambo ambalo aghalabu husahaulika, wakaeleza mahali palipotajwa ni wapi. Mtu anapoandika kwamba amefukiwa nyuma ya duka fulani katika mtaa fulani, ni mwenyeji pekee anayejua pa kuweka alama kwenye ramani.

Hapa kwetu tena, mwaka wa 2012, watafiti wa iHub walianzisha mradi wa Umati wa kufuatilia matamshi ya chuki mtandaoni kuelekea uchaguzi wa 2013. Walitumia watu wanaosoma Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha kadhaa za mama. Mashine haingeweza. Ni mashine gani ingejua kwamba neno "madoadoa", ambalo kwa mtoto wa shule ni sifa ya chui, katika siasa za Bonde la Ufa limewahi kuwa njia ya kumwambia jirani kwamba hapa si kwao? Ilifika Aprili 2022 ndipo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikalitia neno hilo katika orodha yake ya maneno ya kuchunga wakati wa kampeni. Watu wa Molo na Burnt Forest hawakuhitaji orodha.

Sasa turudi kwenye kutafuta, kwa kuwa ndicho kitendo ambacho mwanahabari hukifanya mara nyingi zaidi kwa siku. Wakufunzi wetu waliwashauri washiriki waweke maneno muhimu ndani ya alama za kunukuu ili injini iwaletee kurasa zenye maneno yayo hayo. Kwa Kiingereza ushauri huo unasaidia sana, kwani neno la Kiingereza hubadilika mkiani tu, tena kidogo. La Kiswahili hubadilika kichwani, kiunoni na mkiani. Chukua kitenzi iba. Ukiandika "wizi wa kura" utawapata wahariri, wachambuzi na mawakili, yaani watu wanaopenda nomino. Mpigakura mwenyewe ataandika "wameiba kura", "kura zetu zimeibwa", "tumeibiwa", "wanatuibia mchana". Kwetu sisi hilo ni neno moja lililobadilisha nguo. Kwa mashine inayolinganisha herufi, ni maneno tofauti yasiyojuana.

Kwa hivyo mwanahabari wa Kiswahili anahitaji mazoezi ambayo mwenzake wa Kiingereza hayahitaji sana. Kabla ya kubonyeza, aketi na kalamu aandike maumbo yote ambayo mtu aliyekuwa mahali pa tukio angeyatumia: kwa nafsi ya kwanza umoja na wingi, kwa kauli ya kutenda na ya kutendwa, kwa wakati uliopita na timilifu. Ni somo la mnyambuliko wa vitenzi, lile lile ambalo wanafunzi wa kidato cha pili hulikimbia.

Tena shahidi haandiki kama ripota. Katika mafuriko ya mwaka 2024, yale yaliyoua watu wengi Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, vyombo vyetu viliandika kuhusu "mafuriko" na "maafa". Mtu anayetazama maji yakiingia mlangoni mwake haandiki hivyo. Ataandika "maji imebeba watu" au "maji imeingia kwa nyumba". Mwalimu wa sarufi aliye ndani yangu hutaka kushika kalamu nyekundu mara moja: maji yamebeba, tena yameingia katika nyumba! Lakini mwanahabari anayetafuta kwa Kiswahili sanifu pekee atapata taarifa za wanahabari wenzake, naye mwenye nyumba iliyosombwa hatampata kamwe. Sarufi ya mitaani, ambayo nimetumia zaidi ya miaka 30 kuisahihisha madarasani, ndiyo hapa inayoelekeza kwa aliyeona kwa macho yake.

Halafu kuna tahajia. Vijana huandika "xaxa" kwa sasa, "cjui" kwa sijui, "w2" kwa watu. Wapo wazee wenzangu wanaokasirishwa na mambo haya. Mimi nimeacha kukasirika. Anayechunguza fujo zilizopangwa mtandaoni na hajui kwamba "w2" ni watu, ana upofu wa kiasi fulani, na hakuna programu itakayomtibu.

Na zile sauti za sekunde 40, tufanyeje nazo? Hapa ndipo ninapoona pengo kubwa zaidi, na ndipo wanaisimu wanapoweza kuwa na manufaa badala ya kuitwa kufungua mikutano kwa methali. Sauti haina picha ya kutafutia. Lakini haiji mikono mitupu. Inakuja na lafudhi, msamiati na viambishi vya mahali inakotoka.

Tuseme sauti inadai kwamba kuna shambulio katika mji mmoja wa Kenya, na msemaji anasema "batu banakimbia". Kiambishi hicho cha ba- badala ya wa- ni cha Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, na mara nyingi huandamana na maneno ya Kifaransa yaliyopenyezwa katikati ya sentensi. Huenda basi sauti hiyo ilirekodiwa Goma au Bukavu, katika vita vingine kabisa, kisha mtu akaibandika maelezo mapya. Anayesema "wanasemaga" kwa maana ya husema, yamkini amekulia Tanzania bara. Anayesema "wanasemanga" yamkini ni wa Kenya. Anayesimulia kuhusu mkuu wa mkoa anazungumzia utawala wa Tanzania, maana sisi tuna kamishna wa kaunti. Bajaji ni ya kwao, tuktuk ni yetu. Daladala na matatu sina haja ya kueleza. Mtu akitamka "nti" kwa nchi na "mato" kwa macho, hiyo ni Kimvita, na ikiwa anadai kuwa mzaliwa wa Eldoret asiyewahi kutoka huko, mwulize maswali mawili zaidi.

Nasema aulizwe maswali, sisemi ahukumiwe. Watu huhama, huoa, husoma mbali na kwao, na wengine huigiza. Katika nchi za Ulaya, maafisa wa uhamiaji wamekuwa wakichunguza usemi wa wanaoomba hifadhi ili kujua kama kweli wanatoka wanakodai. Mwaka wa 2004 kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo wa kuwatahadharisha: lugha inaweza kuonyesha mahali mtu alikokulia na jamii iliyomlea, haionyeshi uraia wake. Tahadhari hiyo inatuhusu sisi Waswahili moja kwa moja, kwani miongoni mwa waliopimwa kwa njia hiyo Uingereza ni Wabajuni waliokimbia vita vya Somalia, watu ambao lahaja yao imevuka mpaka tangu kabla ya mpaka wenyewe kuchorwa. Kwa mwanahabari, lafudhi ni dokezo la kumwelekeza apige simu wapi, basi. Lakini dokezo hilo linapatikana bure, halihitaji intaneti, na wanahabari wetu tayari wanalo masikioni. Hawajafunzwa tu kuliamini wala kulieleza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Tuseme mwanahabari amefanya kila kitu vizuri. Amegundua kwamba video inayosambazwa, inayodaiwa kuonyesha polisi wakipiga watu Kisumu wiki hii, ilirekodiwa nchi nyingine miaka mitatu iliyopita. Anaandika kichwa cha habari: "Video ya polisi wakipiga raia ni ghushi". Hapo amepotosha! Kughushi ni kutengeneza kitu cha uongo kifanane na cha kweli, kama vile mtu anavyoghushi sahihi kwenye hundi au cheti cha chuo kikuu. Video ile haikughushiwa. Polisi walipiga watu kweli, na damu ile ni damu kweli. Kilicho cha uongo ni maelezo yaliyobandikwa juu yake. Msomaji anayeambiwa kwamba video ni ghushi atadhani ni mchezo wa kuigiza au ni kazi ya akili unde (au akili mnemba, kama wanavyopenda wengine), na aliyepigwa katika nchi ile nyingine atakuwa amekanushwa mara ya pili.

Kwa Kiingereza, wataalamu wamelifanyia kazi suala hili. Mwaka 2017 Claire Wardle na Hossein Derakhshan waliliandikia Baraza la Ulaya ripoti iliyotofautisha aina tatu za taarifa zenye madhara: ya uongo inayosambazwa na mtu asiyejua kuwa ni uongo, ya uongo inayosambazwa kwa makusudi ya kudhuru, na ile ambayo ina ukweli ndani yake ila inatumiwa ili kumdhuru mtu. Utofautishaji huo umo karibu katika kila warsha. Mkufunzi wetu alipoufikia, alisema kwa masikitiko kwamba "Kiswahili hakina maneno ya mambo haya" na akaendelea mbele.

Kweli hakina? Neno uvumi linatokana na kuvuma, kama upepo. Uvumi hauna mwenyewe. Unapita tu, na aliyeupitisha huapa kwamba naye aliusikia. Uzushi unatokana na kuzua, na palipo na uzushi yupo mzushi, mtu aliyeketi akaubuni. Fitina si lazima iwe uongo: ni maneno, hata yawe ya kweli, yanayopelekwa mahali pasipofaa ili kuwagombanisha watu. Uvumi, uzushi, fitina. Ziweke kando ya aina tatu za Wardle na Derakhshan uone zilivyo karibu nazo. Bado sijataja tetesi, porojo, umbea, kashfa na uchochezi, wala kile kitendo cha kuitia habari ya kweli chuku hadi ifure kama maiti. Jamii iliyoishi bandarini karne nyingi ikipokea habari kutoka kila pembe haikosi maneno ya kupimia habari.

Sidai kwamba maneno haya yanalingana na ya Kiingereza sawasawa, wala kwamba kila mzungumzaji huyatenganisha hivyo katika mazungumzo ya kila siku. Ninachodai ni kwamba yanafahamika. Mwambie mama anayeuza mboga Kongowea kwamba taarifa fulani ni uzushi, naye ataelewa papo hapo kwamba kuna mtu aliyeizua, na pengine atakuuliza ni nani na alipata faida gani. Mwambie ni "habari feki", atasikia neno ambalo wanasiasa hulitumia kwa habari yoyote isiyowapendeza. Shirika la PesaCheck, lililoanzishwa nchini Kenya mwaka 2016 ili kukagua kauli za viongozi na madai mengineyo, limekuwa likichapisha baadhi ya kazi zake kwa Kiswahili, na hiyo ni hatua njema. Lakini kila chumba cha habari kikiendelea kutumia ghushi, feki, bandia na potofu kama kwamba ni neno moja, hadhira haitajua tumekanusha nini hasa. Na tangu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 ilipofanya uchapishaji wa makusudi wa taarifa za uongo kuwa kosa lenye adhabu ya faini na kifungo, kumwita mtu kuwa amezua jambo ilhali amelisambaza tu bila kujua si suala la mtindo wa uandishi tena.

Nitasema kidogo kuhusu istilahi za teknolojia yenyewe, kwa kuwa najua nitaulizwa. Kwamba tunazo, tunazo. Mwishoni mwa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa ya Kiswahili kuanzia menyu hadi maelezo. Pakia, pakua, kiungo, tovuti, nenosiri na nywila zinatumika bila shida. Nyingine zimekwama: tarakilishi inaishi zaidi katika vitabu vya shule vya Kenya, huku mtaani kila mtu akisema kompyuta, na mimi sioni sababu ya kupigana. Rununu ndiyo inayonichekesha. Kabla ya kuwa simu ya mkononi, rununu katika kamusi za zamani ilikuwa uvumi, habari za kunong'onezana. Aliyeteua neno hilo sijui kama alikuwa nabii, ila katika zama hizi za makundi ya WhatsApp, maana mbili zimekutana.

Linalonitia wasiwasi zaidi ya istilahi ni programu za kutafsiri na kunakili sauti, ambazo warsha hizi huzisifu kwa sababu zinaokoa muda. Zinauokoa kweli. Lakini Kiswahili hakibagui jinsia katika viwakilishi, na mashine inapopeleka "daktari alisema" au "muuguzi alisema" kwenye Kiingereza hulazimika kuchagua, na mara nyingi daktari huwa mwanamume na muuguzi mwanamke. Mwanahabari anayemtumia mhariri tafsiri hiyo bila kuikagua anaweza kumbadilisha jinsia mwathiriwa wa ubakaji katika taarifa itakayosomwa mahakamani. Programu hizi hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizokusanywa, na za kwetu ni chache ukilinganisha na za Kiingereza. Ndiyo maana kazi kama ya Kencorpus, ambapo watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walikusanya matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, inafaa kujulikana na wanahabari. Redio zetu zina maktaba za sauti za miaka mingi. Ni vyema wenye maktaba hizo wajue zina thamani gani, na wajadiliane mapema kuhusu haki za waliorekodiwa, kabla ya kampuni fulani kuja kuzichukua kwa bei ya soda.

Mhariri mmoja niliyemweleza mawazo haya alinijibu: "Prof, hayo ni mazuri, lakini vifaa vyote ni vya Kizungu, wakufunzi ni wa Kizungu, na pesa ni za Kizungu." Hoja yake ina uzito. Mwanahabari asiyejua Kiingereza cha vifaa hivyo atakwama, na simwombi yeyote akiache. Lakini wafadhili wengi hukubali mapendekezo yanayoandikwa na sisi wenyewe. Mifano ya papa anayeogelea barabarani hatukulazimishiwa na mtu. Tuliichukua kwa sababu ilikuwa tayari imeshapikwa. Isitoshe, vyuo vyetu vina lawama yao. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kusoma lahaja muhula mzima bila kusikiliza hata sauti moja iliyotoka kwenye simu ya mtu, naye mwanafunzi wa uanahabari akahitimu bila kukaa darasa moja na mwanaisimu, na idara hizo mbili ziko katika orofa za jengo moja, zikitumia ngazi zile zile.

Warsha ijayo, yeyote atakayeiandaa, ningependa anipe saa mbili za asubuhi ya siku ya kwanza, wakati akili zingali mbichi, kompyuta zikiwa zimefungwa. Washiriki wagawanywe katika makundi ya watu wanne: mmoja aliyelelewa Pwani, mmoja wa bara, mmoja aliyekulia mtaani na anayeijua Sheng ya wiki hii wala si ya mwaka jana, na mmoja ambaye kwao ni karibu na mpaka, iwe Busia, Namanga au Lungalunga. Kila kundi lipewe sauti tatu na lizisikilize mara tatu. Waandike msemaji anaweza kuwa wa wapi na ni neno gani lililowaambia hivyo, ni nini hakijasemwa ambacho mtu wa pale angekisema, na mtu mwingine aliyeliona tukio hilo angeliandikaje mtandaoni, kwa maumbo kumi tofauti. Wakishatofautiana na kubishana vya kutosha, ndipo wafungue vipakatalishi vyao na kuanza kutafuta.